Waliomwosha Mohan

Bellevue, Johannesburg
Julai 2018

Dada yangu Nyota,

Salamu zikukute umekaa, maana wewe ukisimama huwa huna muda wa kumsikiliza mtu. Goti linaendeleaje? Na kifua cha Mama kimetulia, au bado kinambana akilala chali? Sisi huku tunapumua. Neema ni mzima, anarefuka kila nikigeuka, lakini Kiswahili anakisikia tu, hakisemi. Nikimwita ananijibu kwa Kiingereza, nikimgombeza anahamia Kizulu ili nisimwelewe vizuri. Baridi ya mwaka huu imekuja na meno. Asubuhi maji ya bomba la uani yanaganda, na vidole vyangu vimepasuka hata kushika sindano ni kazi.

Barua hii anakuletea Mama Sifa, jirani yangu, anayekuja huko kumwona mama yake. Kwa simu nisingeweza. Mtandao wa kwenu unakatika neno likiwa bado mdomoni, na haya ninayotaka kukueleza ni marefu. Uliniuliza mbona sauti yangu imekwenda chini siku hizi. Nikasema ni mafua. Hayakuwa mafua.

Nimefiwa, dada. Usishtuke, si mtu wa ukoo wetu. Ni yule Mohan, Mhindi mpiga pasi, niliyekuwa nakutajia kwamba ndiye anayenichekesha kazini.

Unajua nashona kwenye karakana ya nguo kule Fordsburg, mtaa wenye Wahindi wengi. Tunashona sare za shule na mapazia. Mwenye karakana anaitwa Jayesh, ni mtu wa rika langu, mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Yeye na Mohan walitoka India pamoja, kijiji kimoja. Mimi mwanzoni nilifurahi kusikia hivyo. Nilisema moyoni, hawa wana bahati, kila mmoja ana mtu wa kwao wa kulia naye.

Lakini kulikuwa na jambo la chai. Saa ya chai Jayesh mwenyewe humimina, kwenye glasi, anatupa sisi sote: mimi Mkongo, yule mama wa Soweto anayekata vitambaa, na yeye mwenyewe. Glasi zote zinaoshwa pamoja, leo yangu kesho yake. Mohan peke yake alikuwa na kikombe cha bati, kinaning'inia kwenye msumari nje, karibu na choo. Alikuwa anakwenda kukichukua mwenyewe, anakiweka sakafuni, Jayesh anamimina kutoka juu bila chombo kugusa chombo. Nilidhani ana ugonjwa. Siku moja nikamuuliza.

"Mohan, mbona wewe una kikombe chako?"

"Ni changu, dada. Hakipotei," akasema, akacheka.

Alikuwa akiniita dada, na sisi wawili tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, kilichochanganyika na Kizulu cha sokoni. Hakunieleza siku ile. Alinieleza baadaye, siku ambayo umeme ulikatika na pasi zikapoa, Jayesh akiwa ametoka kwenda kuleta vitambaa. Alichukua chaki yangu ya kukatia nguo, akatandaza kitambaa cheusi mezani, akanichorea kijiji chao.

Katikati akaweka hekalu, na pembeni yake nyumba chache za makuhani. Kuzunguka hekalu akachora nyumba kubwa za wenye mashamba, zile zenye milango ya mbao ya kuchongwa. Huko ndiko alikozaliwa Jayesh. Nyuma yao maseremala, wafinyanzi, kinyozi na wachungaji wa nyati wa maziwa. Upande wa bwawa akaweka nyumba za Waislamu, wauza bangili na wapiga pamba. Kisha akachora mstari mrefu, akasema huo ni mfereji wa maji machafu. Ng'ambo ya mfereji akaweka vinukta vingi vilivyobanana.

"Hapa ni sisi," akasema. "Ng'ombe akifa kijijini, sisi tunamtoa. Ngozi tunachuna sisi. Kwa hiyo kisima chetu ni hiki, peke yake. Hekalu hatuingii. Nikipita huku kwa wakubwa, viatu navishika mkononi."

"Na sasa?"

"Sheria inasema zamani imekwisha. Lakini sheria haikai kijijini, dada. Inakaa mjini."

Nikamuuliza, watu wa kijiji ni wengi? Akasema kwenye karatasi za serikali ni wengi, lakini ukienda mchana utakuta wazee, wanawake na wajukuu. Vijana wote wameondoka. Wa wenye mashamba wamekwenda Ulaya na Afrika, wa ng'ambo ya mfereji wamekwenda kwenye viwanda vya nguo vya mijini. Halafu akaniambia jambo lililonikaa kichwani: wasichana ni wachache kuliko wavulana, kwa sababu kwa miaka mingi watu hawakutaka kuzaa mabinti. Sasa wana wa matajiri wanazeeka bila wake, wengine wanaletewa maharusi kutoka majimbo ya mbali, wasiojua hata lugha ya mama mkwe. Nyumba zile kubwa, alisema, nyingi zimefungwa kufuli, nyani wanatembea juu ya mapaa.

Hapo Jayesh akaingia. Nilidhani atakasirika tumeacha kazi. Akaweka mzigo chini, akainama juu ya meza.

"Umesahau mnara wa maji," akamwambia Mohan kwa Kiingereza, nadhani kwa heshima yangu.

"Mnara umejengwa nikiwa nimeshaondoka."

"Tuliondoka siku moja, Mohan. Mnara ulikuwapo." Akachukua chaki, akauchora. "Na hapa ndipo uliponifundisha kuogelea."

Mohan akacheka mpaka akakohoa. Wakanieleza wakipokezana maneno. Walikuwa wadogo, mashambani kuna mfereji mkubwa wa kumwagilia, mbali na macho ya watu. Mohan alimshika Jayesh tumbo chini ya maji mpaka akajua kuelea. Shule walikuwa moja, ila Mohan alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, juu ya gunia alilobeba kutoka kwao. Siku mama yake Jayesh alipopata habari za kuogelea, alimsugua mwanawe ngozi ikawa nyekundu, akamnyunyizia maji matakatifu. Na baba yake Mohan alimchapa Mohan, ili wakubwa waone amechapwa.

Walicheka wote wawili, dada. Umeme ukarudi, chai ikachemka. Mohan akatoka nje kwenda kuchukua kikombe chake kwenye msumari. Mimi chai ile sikuimaliza.

Chumba alichokuwa anakaa Mohan nilimtafutia mimi. Kule Fordsburg Wahindi wenzake wenye nyumba walikuwa wakimuuliza jina la baba yake, kisha chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Nikamleta hapa kwetu Bellevue, kwenye chumba cha uani. Nyumba hii ni ya zamani, imegawanywa kwa mbao na mapazia, kuna Wakongo, Warundi, Mtanzania mmoja fundi viatu. Hakuna aliyemuuliza baba yake nani. Jioni alikuwa akipika dengu, harufu ya bizari inajaa ua mzima, na Neema anakwenda kukaa mlangoni kwake na sahani. Pale alikula na sisi. Mara ya kwanza nilipompa maji kwenye kikombe changu, alikishika muda mrefu kabla ya kunywa. Nikamwambia, "Kunywa bwana, yanapoa," na maji yenyewe yalikuwa ya baridi. Akacheka kicheko chake kile.

Baridi ilipoanza, kikohozi kikamshika. Mwanzoni tulisema ni vumbi la nguo na mvuke wa pasi. Akakonda. Mimi nikampikia uji, Mama Sifa akampikia mchuzi wa kuku. Jayesh alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, akakaa naye kwenye foleni tangu asubuhi mpaka wakaonwa. Usidhani nakuficha wema wake. Alimfungulia mlango wa gari. Lakini kiti alichokalia Mohan kilikuwa kimetandikwa plastiki, na gari liliporudi nilimwona Jayesh akiikunja plastiki ile kwa ncha za vidole, akaitupa kwenye pipa letu. Mohan naye aliona. Akaniambia, "Msamehe. Hayo hakuyachagua, aliyanyonya pamoja na maziwa." Mimi nisingeweza kusema hivyo.

Alirudishwa hospitali akiwa hawezi kutembea. Nilikwenda kumtazama siku ya Jumapili baada ya ibada. Alikuwa mdogo kitandani kama nguo iliyokunjwa. Akaniuliza kama Neema anafanya masomo yake. Kisha akasema kwao mvua imeanza, mke wake Kamla ameshapanda, na paa lao linavuja upande wa jiko. Alisema pia kwamba huko kwao hata mahali pa kuchomea maiti pametenganishwa. Pa wakubwa pana sakafu na paa. Pao ni ukingoni mwa kijito, na masika wanasubiri na maiti mpaka maji yapungue.

"Hapa Joburg je, kuna moto mmoja au wa aina mbili?" akaniuliza.

"Nadhani mmoja," nikasema.

"Basi sawa," akasema.

Alikufa kabla sijarudi kumwona tena. Hospitali walimpigia Jayesh. Nilikuwa kwenye cherehani, nikamwona anasikiliza simu, anaitikia, anaiweka chini, kisha anakwenda kuzima pasi ya Mohan iliyokuwa imezimwa wiki zile zote.

Kwa hawa watu, dada, maiti lazima ioshwe na jamaa, ifungwe sanda, ichomwe. Mhindi wa pande zao akifa hapa, wenzake wa wilaya moja huja na maua, samli na kitambaa, wanafanya yote. Nilishaona. Mchana ule wakaja wazee wawili karakanani kuulizia. Walikaa, wakapewa chai. Waliuliza marehemu ni mtoto wa nani, na nyumba yao iko upande gani. Jayesh akajibu. Sikujua lugha yao, lakini niliwaona wakitazamana. Wakamaliza chai, wakamshika Jayesh bega, wakaondoka. Hakuna aliyerudi.

Nikasimama mbele ya meza yake.

"Bosi, nani atamwosha Mohan?"

"Nitagharamia kila kitu, Mama Neema. Gari, sanda, kila kitu."

"Sikuuliza hilo."

Akajifunika uso kwa viganja. "Mama yangu yuko hai. Nina dada hawajaolewa. Nikimgusa leo, kesho kijiji kizima kinajua."

"Nani atawaambia?"

"Hao wazee waliotoka hapa sasa hivi."

"Ulimpeleka hospitali. Uliogelea naye."

"Nilikuwa mtoto," akasema. Kisha akasema polepole, "Eish, Mama Neema. Wewe hujui." Nikamwacha, nikachukua koti langu. Niliona nikiendelea kusimama pale nitasema neno ambalo haliokoteki.

Nilikwenda kwa Baba Sifa, mume wa jirani yangu, anayelinda jumba moja kule mtaa wa Observatory. Nilimkuta getini. Sikumaliza hata kueleza. "Mohan wetu?" akasema. "Yule anayenisalimu kila asubuhi nikitoka lindo? Niambie tu ni wapi." Lakini mtu mmoja hatoshi kumwosha maiti. Nikaenda kwa mchungaji wetu. Yeye alikuna kichwa. Alisema marehemu ni mtu wa miungu mingine, waumini watasemaje, na yeye ni mgeni hapa kama sisi, hataki maneno. Nikamwambia, "Mchungaji, sikukuomba umbatize. Amelala kwenye jokofu, hana mtu." Mke wake, aliyekuwa anasuka nywele za mteja pale pale sebuleni, akamwambia bila kuinua macho, "Wewe baba yako alizikwa na nani, pale kambi ya wakimbizi?" Mchungaji akainuka, akavaa viatu. "Kumwombea kwa maneno yao sitaweza," akasema. "Kumwosha, naweza."

Nyumba ya mazishi ilikuwa baridi kuliko nje. Mimi mwanamke nilibaki kwenye korido, nasikia maji yanamwagika ndani. Jayesh akaja. Alileta sanda nyeupe, maua ya manjano, na chupa ndogo ya maji ya mto wao mtakatifu, ambayo mama yake alimpa alipoondoka nyumbani. Alisimama mlangoni, kidole cha mguu kwenye kizingiti, akawaelekeza. Mwageni kutoka kichwani. Vidole vya miguu vifungeni pamoja. Maji haya, tone moja tu mdomoni. Baba Sifa akamwita, "Ingia basi, bwana, usitupigie kelele kutoka huko." Hakuingia. Lakini hakuondoka pia. Mchungaji alipokosea kufunga sanda, Jayesh alinyoosha mikono hewani, akawa anafunga pale pale hewani, fundo kwa fundo, ili waone. Sijui kama nilimchukia au nilimhurumia. Nafikiri vyote.

Mahali pa kuchomea, mfanyakazi aliuliza nani ni wa familia. Kwao mwana ndiye huwasha moto, na mwana wa Mohan yuko kule ng'ambo ya mfereji. Sote tukamgeukia Jayesh. "Mimi ni mtu wa kwao," akasema. Huku hakuna kuni wala mwenge, kuna kitufe tu ukutani. Akakibonyeza. Kubonyeza kitufe si kugusa maiti.

Tulirudi kwenye gari lake, mimi mbele, Baba Sifa na mchungaji nyuma, mikono ya nguo zao bado imelowa. Kwenye robot, taa za barabarani za huku, tulisimamishwa na nyekundu, simu ikalia. Alikuwa Kamla, mke wa Mohan. Jayesh akaegesha kando. Waliongea, sauti ya mwanamke ikitoka ndogo, bila kilio. Kisha Jayesh akasita, akajibu neno fupi. Upande wa pili mwanamke akasema maneno mengi kwa haraka. Jayesh akakata simu, akalaza paji la uso kwenye usukani.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Aliuliza nani alimwosha mume wake."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia ni sisi. Wanaume wa kijijini kwetu." Akainua kichwa. "Nilidhani itampa faraja."

"Naye?"

"Amesema Mungu awabariki. Halafu akasema: waambie wasilitaje jambo hili huku, hata kwa wake zao. Watatengwa, na watoto wao hawana kosa." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Anatuogopea sisi, Mama Neema. Anatuogopea sisi."

Nyuma, Baba Sifa, ambaye Kiingereza chake ni kidogo, akaniuliza kwa Kiswahili kuna nini. Nikamwambia mke wa marehemu anashukuru. Sikuweza kutafsiri yaliyobaki.

Majivu yako kwangu, juu ya kabati, nimeyafunika kitambaa. Jayesh anasema atampata mtu anayesafiri kwenda India. Ameshauliza wengi, na kila mmoja anauliza kwanza ni ya nani. Mchungaji hapendi yakae ndani ya nyumba ya Mkristo, lakini hajaniambia niyatoe. Pasi ya Mohan anaishika kijana mwingine, Mmalawi. Jayesh na mimi tunaongea mambo ya kazi tu. Juzi alinifuata kwenye cherehani, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi mezani kwake.

Nyota, nimekuandikia haya yote kwa sababu kuna jambo linanisumbua, na wewe ndiye kiongozi wa kina mama kanisani, utalijua. Ni habari ya wafinyanzi wa ng'ambo ya kijito chetu, wale ambao tunapika kwenye vyungu vyao lakini wakija kuomba maji tunawamiminia kwenye viganja. Siku hizi wakija matangani, wanakaa wapi? Na wakisikia kiu, wanapewa maji kwa chombo gani? Usinijibu upesi kwa kunifurahisha. Msiba ukitokea, angalia kwanza, ndipo uniambie.

Mpe Mama mkono wangu, na umwambie koti la sufu aliloniomba liko kwenye mzigo wa Mama Sifa. Nisalimie shemeji yangu mume wako, nisalimie shangazi muuza mawese, na binamu yetu mwalimu wa kwaya, ambaye najua ataisoma barua hii kwa sauti hata ukimkataza. Mbusu mtoto wa mwisho, ambaye bado sijamwona kwa macho. Neema ameandika jina lake hapa chini mwenyewe, nimekataa kumsaidia.

Mungu awe upande wenu huko, na huku asitusahau.

Mdogo wako,
Zawadi

Neema